Kuchagua Chuo si Jambo la Mtu Mmoja

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakisha kutangazwa mwezi wa Julai, huingia katika nyumba nyingi za nchi yetu majira ya furaha ambayo, baada ya wiki chache, hugeuka kuwa majira ya hesabu. Mtoto ameshinda. Majirani wamekuja kutoa hongera. Kisha simu inalia na ujumbe unasomwa: chuo fulani kimemkubali. Siku ya pili ujumbe mwingine: chuo cha pili nacho kimemkubali. Hapo ndipo mzazi, ambaye kwa miaka kumi na mitatu aliomba mlango mmoja tu ufunguliwe, hujikuta amesimama mbele ya milango miwili, na fedha aliyo nayo haitoshi hata kwa mmoja.

Si jambo la kubuni. Walitujia ofisini baba mmoja na binti yake, wote wawili wakiwa wametoka safarini na vumbi la basi lingali katika viatu vyao. Baba ni mkulima wa mahindi na alizeti, mwenye jozi moja ya maksai na plau. Baada ya kutusalimu kwa Tumsifu Yesu Kristo, alitoa bahasha, akachomoa karatasi mbili zilizochapwa katika duka la steshenari, akaziweka juu ya meza yetu kama mtu awekaye vielelezo mbele ya hakimu. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba binti amekubaliwa kusomea ualimu katika chuo kilicho karibu na nyumbani, miaka mitatu, na shangazi yake ana nyumba katika mji huo. Ya pili ilisema kwamba amekubaliwa kusomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, miaka mitano, na huko hawana ndugu.

"Padre, wewe umesoma," akasema baba. "Tuchague ipi? Siku zimebaki nne za kuthibitisha."

Ndugu msomaji, hatukumjibu upesi, na si kwa sababu ya uoga. Swali lake lilionekana kuwa moja, kumbe yalikuwa mawili yaliyofungwa katika mzigo mmoja: ni chuo kipi kinachomfaa binti huyu, na je, ni haki nyumba hii itoe gharama ya chuo hicho? La kwanza ni swali la busara. La pili ni swali la haki. Watu wengi huyachanganya, na kwa kuyachanganya hutoa majibu ambayo baadaye hulaumiana kwayo kwa miaka.

Wazee wetu hawakusumbuliwa hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961 kama chuo kidogo chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Tangu mwaka 1963 hadi 1970, Tanganyika (na baadaye Tanzania), Kenya na Uganda zilishirikiana katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na masomo yakagawanywa: kijana aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Somo ndilo lililokuchagulia mji, na serikali ndiyo iliyobeba gharama. Wachache walipata, lakini waliopata hawakuwa na la kuchagua isipokuwa somo lenyewe. Tangu miaka ya 1990 vyuo vya mashirika, vya Kanisa na vya watu binafsi vimeruhusiwa, vya serikali vimeongezeka, na tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika vyuo anavyovitaka. Akikubaliwa na zaidi ya kimoja, hana budi kuthibitisha kimoja tu. Ni maendeleo makubwa, wala hatuyalaumu. Lakini uhuru wa kuchagua umekuja pamoja na mzigo wa kuchagua, na mzigo huo umewekwa juu ya vijana wa miaka kumi na tisa na wazazi ambao wengi wao hawajapata kuuona mlango wa chuo kikuu.

Tuanze na fedha, kwani fedha ndiyo isiyosubiri.

Kosa la kwanza la wazazi wetu ni kusoma ada peke yake. Huchukua karatasi mbili, huangalia tarakimu iliyo mbele ya neno "ada", na yenye tarakimu ndogo husema ndiyo rahisi. Tulikaa na baba yule, tukachukua kalamu. Ada za vyuo vile viwili zilitofautiana kidogo tu. Lakini kwa shangazi binti angelala bure na kula chungu kimoja na watoto wa nyumba, na baba angepeleka magunia mawili ya mahindi kwa mwaka pamoja na maharage. Ugenini, tulikisia chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, miezi kumi; chakula cha shilingi 5,000 kwa siku, siku 270; nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, shilingi 35,000 kila njia. Tukijumlisha, mbali na ada, ni shilingi 1,990,000 kwa mwaka. Mara miaka mitano, 9,950,000. Baba alizitazama tarakimu zile kwa muda mrefu. Tena hazikuwa zote, kwa maana mwalimu huhitimu baada ya miaka mitatu, na daktari wa mifugo angali na miaka miwili mbele yake: miaka miwili ya kulipa badala ya kulipwa.

Pengine mtu atasema: kuna Bodi ya Mikopo. Ipo kweli, kwa sheria ya mwaka 2004, na watoto wengi wa maskini wasingeona darasa la chuo bila hiyo. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa katika mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Anayeipata akaitumia kwa kiasi anaweza kuishi. Lakini aghalabu kijana hutakiwa kuthibitisha chuo kabla ya kujua kama atapata mkopo, na kwa kiasi gani. Tena mkopo si zawadi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mnufaika aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15. Mwaka 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo, mwenye mshahara wa shilingi 600,000 bado ataacha 90,000 kila mwezi, na deni la miaka mitano ni refu kuliko la mitatu. Shauri letu kwa kila nyumba ni kwamba ipige hesabu mara mbili, mara moja kama vile mkopo utakuja wote, na mara ya pili kama vile hautakuja kabisa. Ikiwa hesabu ya pili inavunja nyumba, basi wajue mapema ni kitu gani kitakachovunjika, na ni cha nani.

Twende sasa katika jambo la kufaa, ambalo ni gumu zaidi kwa sababu halina tarakimu.

Vijana wengi hudhani kwamba chuo kinachowafaa ni kile chenye jina linalopendeza likitajwa. Wazazi nao hawako nyuma. Twawajua akina baba ambao furaha yao yote ni kusema "mwanangu yuko Dar", hata kama hawajui anasoma nini huko. Jina la chuo lina thamani yake, lakini husikika siku ya kupokelewa na siku ya mahafali tu. Katikati kuna siku mia kadhaa ambazo hazina sherehe, na ndizo zinazopima. Kijana na ajiulize: katika Jumanne ya wiki ya saba, mvua inanyesha, hakuna anayenitazama, nitakuwa nikisoma kitu gani, na je, nitapenda kukijua? Aombe orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili, asiridhike na jina la shahada. Amtafute aliye mwaka wa pili, si yule aliyefika juzi ambaye kila kitu kwake ni kipya.

Tulimwuliza binti kwa nini mifugo. Aliinamisha kichwa, na baba ndiye aliyeanza kujibu, tukamwomba amwache aseme mwenyewe. Akasema kwamba alipokuwa na miaka kumi na minne, mbuzi wao alishindwa kuzaa usiku, watu wazima hawakuwapo, naye akamsaidia kwa mikono yake. Mama alikufa, mtoto akapona, na tangu siku ile anataka kujua alikosea wapi. Akasema kwamba bwana mifugo wa kata humchukua wakati wa chanjo ya kideri, wakapita nyumba kwa nyumba na kuku wakishikwa gizani kabla hawajatoka bandani. Hayo yote aliyasema kwa sauti ndogo. Tukamwuliza kuhusu ualimu. Akajibu kwa heshima kwamba ualimu ni kazi njema.

Tofauti ya majibu yale mawili ndiyo tunayoiita kufaa. Mtu akipenda kazi tayari anaifanya kabla ya kupewa cheti, tena bila kutumwa. Wala hatusemi kwamba kupenda huja siku zote kabla. Wahenga walijua: mchagua jembe si mkulima, na mchagua nazi hupata koroma. Sisi wenyewe, tulipokuwa seminari kuu, tulifundishwa masomo ambayo hatukuyachagua, na baadhi yake tukayapenda baada ya kuyachukia mwaka mzima. Kijana asiyejua bado anachokipenda asione haya kuchukua kilicho karibu na chenye gharama ndogo. Huenda akakipenda njiani, na walimu wengi wazuri wa nchi hii waliingia hivyo. Lakini aliyekwisha kujua si sawa na asiyejua. Na hapa tuseme neno ambalo halimo katika hesabu ya baba yeyote. Mwalimu aliyeingia ualimu kwa sababu tu ulikuwa rahisi, naye moyo wake uko pengine, gharama ya urahisi ule hailipi peke yake. Hulipwa na watoto wa darasa lake, mwaka baada ya mwaka kwa miaka thelathini. Watoto hao hawakuwapo ofisini kwetu siku ile.

Twakumbuka habari ya Mwalimu Nyerere. Alipokuwa anamaliza Makerere mwaka 1945, shule mbili za Tabora zilimtaka: shule ya serikali, ambamo mwenyewe alikuwa amesoma, na Shule ya Mtakatifu Maria ya Wamisionari wa Afrika, alikoitwa na Padre Richard Walsh. Kazi ya serikali ilikuwa na uhakika wa pensheni. Alichagua Mtakatifu Maria, akafundisha huko tangu 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Habari hii hupenda kusimuliwa kwa vijana ili wajifunze kutojali fedha. Nasi twaipenda, ila twaona imesimuliwa nusu. Pensheni aliyoiacha Mwalimu ilikuwa yake kwanza. Aliye na haki ya kudharau fedha ni yule ambaye fedha hiyo itatoka mfukoni mwake. Kijana wa miaka kumi na tisa asemaye "mimi sijali gharama, nafuata kipaji changu", mara nyingi hasemi habari ya fedha yake. Asema habari ya ng'ombe wa baba yake, ya biashara ya mama yake ya vitumbua, ya zamu ya mdogo wake.

Na hapo ndipo tulipofika na wageni wetu. Baba alikuwa ameficha neno, nalo likatoka mwishoni: alikusudia kuuza maksai. Wawili wale wangetosha mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili Mungu angejua. Tukamwuliza ni nani mwingine yuko nyumbani. Akasema yuko kijana wa kiume, amemaliza kidato cha nne, anangojea kuingia chuo cha ufundi cha VETA ajifunze umakenika, na kwa sasa ndiye anayelima na maksai hao.

"Naye amesemaje?"

Baba akamtazama binti, binti akatazama sakafu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Ndugu msomaji, twaona hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lote. Tomaso wa Akwino afundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu lililo jema, na kuamuru litendeke, na la tatu ndilo lililo kuu. Nyumba nyingi hurukia la tatu. Hata zile zinazotafuta shauri hulitafuta kwa padre, kwa mwalimu mkuu, kwa mjomba mwenye gari, na hazilitafuti kwa yule ambaye atalipa bila kuonekana akilipa. Mdogo haandikiwi barua na chuo kikuu. Hana karatasi ya kuweka mezani. Kwa hiyo hesabu hupigwa kana kwamba hayupo, na kimya chake huitwa kibali.

Hukumu yetu ni hii. Kazi ya maisha ni ya yule atakayeifanya, wala mzazi hana haki ya kumlazimisha mtoto kazi fulani kwa sababu ya bei yake, hasa ikiwa kile kinachookolewa kitakwenda katika fahari. Tumeona baba aliyekataa kuongeza shilingi 300,000 ili mtoto wake asome anachokiweza, na mwezi uleule akaahidi mara mbili ya hiyo katika kamati ya harusi ya jirani; na jirani si mtoto wake. Lakini mfuko ni wa nyumba nzima. Kijana ana haki ya kuchagua njia. Hana haki ya kuchagua peke yake nani atakayetembea bila viatu ili yeye apite njia hiyo. Ikiwa tofauti ya gharama itatoka katika starehe ya wazazi, katika mkopo atakaoulipa yeye mwenyewe, katika kujinyima kwake chuoni, basi afuate kinachomfaa na asirudi nyuma. Ikiwa itatoka katika sehemu ya mdogo wake, kufaa peke yake hakutoshi kuihalalisha. Inampasa mdogo aulizwe, aulizwe kweli na kwa namna ambayo anaweza kukataa, tena aambiwe lini na kwa njia gani atarudishiwa. Akikataa, na hakuna mlango mwingine, basi chuo cha karibu kikubaliwe bila kinyongo. Twajua neno hilo ni chungu kwa mwenye kipaji. Ni chungu zaidi kwa aliyenyang'anywa zamu yake na watu aliowapenda.

Kuna watakaotuambia kwamba daktari mmoja wa mifugo ataiinua nyumba nzima, na kwa hiyo wote wajitoe kwa ajili yake. Huenda. Tumeziona nyumba zilizoinuliwa hivyo. Tumeziona pia ambazo aliyesomeshwa alikwenda mjini, akaoa au akaolewa, makato yakala mshahara, na ahadi zote zikawa salamu za Krismasi. Hakuwa mwovu, alikuwa na watoto wake mwenyewe wa kusomesha. Ndiyo maana twasema sehemu ya mdogo isiwekwe rehani kwa matumaini tu.

Tuliwaambia warudi nyumbani, wamweke kijana katikati, wampe karatasi zile zile na kalamu ile ile. Tuliwaambia pia kwamba maksai si akiba kama fedha ya benki. Ni mikono ya nyumba, na anayeuza mikono hununua njaa. Kama ni lazima kutoa kitu, watazame shamba, watazame ndugu wa mbali wenye mishahara, wamwandikie shangazi ambaye angelisha mwanafunzi kwa miaka mitatu kama hawezi kutoa hata thamani ya mwaka mmoja wa chakula kile. Binti aliandika hayo yote katika daftari. Waliondoka kuwahi basi la saa nane.

Jumapili iliyofuata baba alikuja kununua gazeti, akangojea hadi watu walipopungua. Akatueleza kwamba kikao kilikaa hadi usiku. Kijana alisoma hesabu polepole, akauliza maswali mengi kuhusu mkopo, kisha akauliza kama maksai watabaki. Alipoambiwa watabaki, alisema dada aende Morogoro, naye ataingia VETA mwaka unaofuata, si mwaka huu, lakini mwaka huo utajwe mbele ya mjomba na uandikwe. Ukaandikwa. Baba amekodisha ekari mbili kwa misimu miwili, na shangazi ameahidi shilingi 30,000 kila mwezi. Binti alithibitisha siku ya mwisho, saa tano za usiku, kwa simu ya jirani kwa kuwa yao ilikuwa imeisha moto.

Hadi gazeti hili linakwenda mitamboni, majina ya watakaopata mkopo hayajatangazwa.